Kilemba cha Kiponda Rovers

Siku Abrahman, katibu wa Kiponda Rovers, alipopanda ngazi kuja kudai kitambaa, Mwanakheir alikuwa dirishani anashona kofia ya vitobo, na hakuinua uso. Alikuwa keshamsikia tangu chini, maana Abrahman alikuwa na tabia ya kukohoa kila anapokaribia mlango wa mtu, kikohozi cha mtu anayetaka kupokewa kwa heshima. Akakohoa. Hakupokewa. Akasimama hapo hapo mlangoni akasema kwamba mwenyekiti, Mzee Suud, anasalimu, kwamba mwaka huu tena heshima imemwangukia mumewe, Mkadam, na kwamba kitambaa kiwe tayari Alkhamisi ili kipigwe pasi na kufukizwa udi kabla ya shughuli ya Ijumaa.

"Mwambie hakuna kitambaa," akasema Mwanakheir.

Abrahman akacheka kidogo. Akauliza kama bafta imeadimika Darajani, maana ikiwa ni hivyo klabu ingeweza kumletea.

"Bafta ipo tele. Hakuna kwa maana sitoi."

Ndipo Abrahman akasahau kukohoa.

Kila klabu mjini ina mambo yake. Wako wasioingia uwanjani kwa mlango mkubwa, wako wanaokataa kupiga picha kabla ya mechi. Kiponda Rovers walikuwa na kilemba. Kila mwaka, kabla ya usajili, klabu iliweza kumchagua mchezaji mmoja, mmoja tu, ikamvika mbele ya watu kilemba cheupe chenye ukingo wa kijani. Fatiha ikasomwa, kahawa na halua zikazunguka, na kuanzia hapo mtu huyo ni wa klabu mpaka msimu uishe. Hauzwi, haazimwi, hapewi barua ya kuachiwa hata aiombe kwa machozi. Mkataba wake kama umekwisha, umekwisha, kilemba kimeshika mahali pake. Badala yake hukaa bure na watu wake chumba cha juu cha nyumba ya klabu, hupakuliwa sahani ya mwanzo, na mnyapara wa bandarini Malindi, ambaye naye ni mwanachama, hamtwishi magunia ya chumvi. Iliitwa heshima, na kwa sababu iliitwa heshima hakuna aliyethubutu kuiita jina jengine.

Ilikuwa na masharti mawili. Waliyaweka wazee walioanzisha klabu, baada ya winga mmoja wa zamani kuvishwa kwa nguvu, akaenda akacheza msimu mzima kama mtu anayepita sokoni kuangalia bei. Sharti la kwanza, kitambaa kitoke nyumbani kwa mchezaji mwenyewe, kimeshonwa kwa mkono wa mama yake au mkewe, na siku ya shughuli katibu aulizwe hadharani kimetoka wapi. La pili, mchezaji aje kichwa wazi na akiinamishe mwenyewe, bila ya mtu kumgusa shingo. Kwa namna hiyo hakuna atakayesema alionewa. Watu wake wametoa, na yeye kainama, basi malalamiko ayapeleke wapi? Wazee wale walikuwa wajanja hasa, hata mtu ukiwachukia huna budi kuwavulia kofia.

Mwanakheir alikwisha kushona viwili. Cha kwanza alikishona huku analia kwa furaha. Alikuwa bado bi harusi, mtoto wa Tumbatu aliyeingia mjini na kanga zake chache, na mumewe, golikipa aliyetoka Nungwi na kazi yake ikiwa kubeba mizigo bandarini, alikuwa anavikwa kilemba na Mzee Suud mwenyewe mbele ya mtaa mzima. Alidarizi ukingo ule wa kijani kwa uzi wa hariri, akaona ulimwengu umemkalia sawa.

Mwaka uliofuata, Mkadam alidaka penalti mbili kwenye fainali pale Amaan. Walimbeba mabegani mpaka Kiponda. Lakini ulipofika wakati wa kilemba, kilikwenda kwa Jamil, mshambuliaji aliyekuwa amekosa magoli msimu mzima hata watoto wakamtungia nyimbo. Mwanakheir na Mkadam wakarudi kukaa chumba cha kupanga Malindi. Alishangaa, akajisemea mambo ya wazee hayo. Baadaye akasikia kwamba Jamil alikuwa amefuatwa na watu wa Dar es Salaam, kama walivyomfuata Mkadam mwaka wa kilemba chake cha kwanza. Mwaka wa pili baada ya hapo, watu wa Tanga wakamtaka Mkadam, na kilemba hicho kikamrudia Mkadam mbio mbio, na chumba cha juu pamoja nacho. Alikishona cha pili kimya kimya. Alikuwa anafikiri.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na aliyekuja kumtaka Mkadam ni Samir, kijana wa Malindi aliyehamia Maskati, karudi likizo amenenepa na anapendeza. Alimwona Mkadam akidaka Amaan, akarudi tena mechi ya pili kuhakikisha. Klabu ya kule alikokuwa inataka golikipa msimu huu huu. Kipa wao kavunjika mguu, na wakikosa huyu watamchukua mwengine, hawatosubiri mwaka. Sharti lao ni moja, aje na barua ya kuachiwa na klabu yake.

Mkadam hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku Samir alipowaletea habari hiyo, alikaa ukingoni mwa kitanda anaitazama mikono yake, mikono mipana, vidole viwili vimepinda. Akamwambia mkewe kwamba umri wake wa mpira unakwenda ukingoni. "Nataka nidake msimu mmoja tu mbele ya watu wasionijua mie mtoto wa nani," alisema. "Nijue kama ni mimi, au ni mazoea yao tu."

Hilo ndilo alilolitaka, na Mwanakheir hakuwahi kumsikia akitaka kitu kingine chochote tangu waoane. Kwa hiyo Abrahman alipokuja kudai kitambaa, hata wiki haijapita tangu Samir aseme, mambo yote yalimjia mara moja, Dar, Jamil, Tanga, Maskati, na damu ikamchemka. Mwaka ambao hakuna aliyemtaka, hakuna aliyekumbuka kilemba. Akitokea wa kumtaka tu, heshima inamwangukia.

Tatizo lilikuwa Mkadam mwenyewe. Mzee Suud ndiye aliyempokea alipokuja kutoka Nungwi, hajui hata kufunga kamba za viatu. Ndiye aliyemnunulia glavu za mwanzo na kumtafutia kazi bandarini, na ndiye aliyesimama kwenda kumposea Mwanakheir Tumbatu, akavuka maji huku anatapika, kwa kuwa bahari ilikuwa haimpendi. Mkadam akimwona Mzee Suud hata mabega yake hupungua. Uwanjani alikuwa akiwafokea mabeki mpaka wanatetemeka, lakini mbele ya yule mzee mdogo wa kanzu nyeupe alikuwa na jibu moja tu, nalo ni naam.

Mwanakheir akajua kwamba akimwachia mumewe aseme, basi kimeshasemwa. Akavaa buibui lake akaenda mwenyewe.

Mzee Suud alikuwa na duka dogo la vyombo vya kioo Darajani. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu na nyumba za ghorofa. Yeye alibaki na bilauri na sahani, na adabu zake zote. Mwanakheir alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavutiwa kiti, akaletewa sharubati ambayo hakuigusa. Akauliza bila kuzunguka kwa nini kila Mkadam anapotakiwa na watu, ndipo klabu inapomkumbuka.

Na haki isemwe, mzee hakujitia hamnazo. Alifuta bilauri aliyokuwa nayo, akaiweka, akachukua nyengine.

"Ntakwambia kweli, mwanangu, maana umekuja mwenyewe na hukutuma mtu," alisema. "Kilemba si cha mchezaji bora. Watu hudhani hivyo na sie tunawaacha wadhani. Kilemba ni cha yule ambaye akiondoka sina wa kumweka mahali pake. Washambuliaji nnawaokota Mnazi Mmoja kila alasiri. Golikipa kama Mkadam ntamtoa wapi, na ligi imefika mlangoni? Nikimwachia, kaondoka, na mie mkononi sikubakiwa na kitu. Nikimvika, nnapata mwaka. Mwaka wa kutafuta mwengine, au wa kumbembeleza yeye akae kwa ridhaa yake."

"Mwaka ule wa mwanzo ulitafuta mwengine?"

"Hatukutafuta."

"Ulimbembeleza?"

Mzee Suud akaigeuza bilauri kwenye mwanga. Akasema Mkadam alikuwa yupo, sasa angembembeleza nini.

Mwanakheir akaisogeza sharubati kando. Alisema kwamba basi kosa la mumewe ni kudaka vizuri. Angekuwa anafungwa kila siku, wangemsindikiza mpaka bandarini kwa matarumbeta. Mzee alitikisa kichwa taratibu, wala hakukasirika. Alisema yeye kaona vitu vingi vikimtoka mkononi tangu ujana wake, nyumba, mashamba, ndugu waliopanda meli wasirudi, na kila alichokiachia kilikwenda moja kwa moja. Klabu ndiyo iliyombakia. Alilisema hilo kwa unyonge wa kweli, na Mwanakheir alimwonea huruma, akakasirika kwa kuwa amemwonea huruma.

"Mie kitambaa sitoi, Mzee Suud," alisema akiinuka. "Na nimekuja kukwambia usoni, isije ikaonekana nimekuvunjia heshima kwa nyuma."

Nyumbani yalizuka mengine. Mkadam alikwisha kupata habari bandarini, na kwa mara ya kwanza tangu aoe alimpandishia mkewe sauti. Alisema amemtia aibu, mtu aliyevuka bahari kwenda kumposa anaambiwa hapana dukani kwake, mbele ya wateja. Mwanakheir alimwachia mpaka pumzi zikamwishia. Kisha akamuuliza kama anataka kwenda Maskati au hataki. Alisema anataka. Akamuuliza kama amemwambia Mzee Suud. Alisema bado.

"Basi sikiliza. Kichwa chako mie sikiingilii, kiinamishe ukipenda. Lakini kitambaa kinatoka mkononi mwangu, na mkono wangu huu hautoi."

Siku tatu zile walikaa chumba kimoja kama wasafiri waliokutana njiani, wanapishana kwa adabu.

Ijumaa, baada ya sala, ukumbi wa chini wa nyumba ya klabu ulijaa. Wazee walikalia majamvi, vijana walisimama ukutani, na wanawake wa mtaa walikaa kwenye ngazi kama kawaida, kwa kuwa toka hapo huonekana kila kitu. Mwanakheir alikaa kati yao. Walimpisha, lakini hakuna aliyemzungumzisha. Mkadam alikuwa katikati ya ukumbi, kichwa wazi, mrefu kuliko wote, anatazama chini. Udi ulikuwa unafuka. Mbele ya Mzee Suud palikuwa na sinia, na ndani ya sinia kitambaa cheupe chenye ukingo wa kijani.

Mwanakheir alikitazama kile kitambaa, na toka mbali akajua. Ukingo ule ulipigwa kwa cherehani. Walikwenda kununua Darajani, wakamtafuta fundi, wakatumai kwamba mwanamke atakuwa amekwisha kulala na hasira zake na kuamka nazo zimepoa.

Ikasomwa dua. Kisha mzee mmoja, kama desturi ilivyotaka, akauliza kwa sauti ya kusikika kote, "Kitambaa kimetoka wapi?"

Abrahman akakohoa. "Kimetoka nyumbani kwake," akasema.

Mwanakheir alisimama pale pale kwenye ngazi. "Hakikutoka kwangu," akasema. "Anayesema kimetoka kwangu anyooshe mkono juu ya msahafu."

Ukumbi wote ukageuka. Abrahman akatafuta pa kuweka macho yake. Wazee wakaanza kunong'onezana, mmoja akasema mwanamke hana neno kwenye shughuli hii, mwengine akamkumbusha kwamba sharti lilivyo ana neno, tena lake ndilo la mwanzo. Ilikuwa wazi kwamba Mzee Suud angeweza kuisimamisha shughuli hapo, watu wakanywa kahawa yao wakaenda zao. Hakuisimamisha. Labda aliogopa kwamba akikiachia na hiki kitamtoka moja kwa moja. Alikichukua kitambaa kwenye sinia, akainuka, akamwendea Mkadam.

"Mwanangu," akamwambia, na alisema kwa mapenzi, hapana aliyetilia shaka hilo. "Inama."

Mkadam aliinua uso. Alimtazama mzee, kisha akatazama juu ya kichwa cha mzee, ukutani, mahali pasipokuwa na kitu. Hakuinama.

Sasa Mzee Suud alikuwa mtu mfupi. Watu walikuwa hawajalifikiria hilo, kwa kuwa miaka yote watu walikuwa wakimwinamia. Alinyoosha mikono na kitambaa chake, kikafika kidevuni kwa Mkadam. Alingoja. Alirudia neno lile lile kwa sauti ya chini. Machozi yalikuwa yanamlengalenga Mkadam, na shingo yake imesimama wima. Kisha mzee, mbele ya mtaa mzima, akasema aletewe kiti.

Waliokuwepo hawakuamini masikio yao. Kiti kikaja. Mzee Suud akakunja kanzu yake akatia mguu mmoja juu, kiti kikayumba, na Mkadam, bila kufikiri, akamshika kiunoni kwa mikono yake miwili ile asianguke. Akamsaidia kupanda. Wakabaki hivyo, mzee juu ya kiti na kitambaa mkononi, na golikipa amemshikilia, na sasa macho yao yako sawasawa.

"Mzee, ukinivika utakuwa umenivika wewe," Mkadam alisema. "Mimi sikuinama."

Mzee Suud hakumvika. Alibaki amesimama juu ya kiti kile muda wa kutosha kila mtu kumwona, kisha akasema ateremshwe. Mkadam alimteremsha taratibu, akambusu mkono, akatoka nje kichwa wazi. Mwanakheir alishuka ngazi akamfuata. Halua haikuliwa.

Ingekuwa hadithi ya kupendeza kama ingeishia hapo, na Mkadam akapanda ndege kwenda Maskati. Haikuwa hivyo. Klabu haikuwa imemvika, lakini barua ya kuachiwa ilitaka saini ya mwenyekiti, na mwenyekiti hakuitia. Walimsajili kama kawaida, jina lake likapelekwa pamoja na majina mengine. Samir alisubiri alivyoweza, kisha akaja kuaga akiwa na haya, kama kwamba kosa ni lake. Klabu ya kule ilichukua golikipa mwengine. Mkadam na Mwanakheir walitakiwa kuondoka chumba cha juu, wakahamia Mtoni kwa Bi Rawiya, mama mdogo wa Mwanakheir, nyuma ya magofu ya kasri, kwenye chumba kilichokuwa kinavuja pembe moja. Bandarini mnyapara akaanza kumtwisha magunia ya chumvi.

Na Mkadam hakudaka. Ndilo alilobakiwa nalo, kutodaka, na alilishikilia. Hakwenda mazoezini. Kila walipomtumia mtu alimkaribisha chai, akamuuliza habari za nyumbani, akasema hachezi. Watu walimsema kila namna. Walisema kalishwa maneno na mkewe, kwamba Mtumbatu amemtia mfukoni, kwamba kiburi kimempanda. Sokoni muuza samaki mmoja alikataa kumuuzia Mwanakheir, akasema samaki wake ni wa wapenzi wa Kiponda Rovers. Mwanakheir alimwambia basi wafungwe goli na samaki wake, akanunua kwengine.

Lakini si usiku wa manane wala mchana kweupe, hakuna aliyemwambia Mwanakheir alichokuwa anakijua mwenyewe, kwamba mumewe anaumia. Alikuwa akimwona anavyodaka vitu. Embe likianguka mtini, kikombe kikiteleza mezani, mkono wake ulifika kabla yake. Siku moja alimuuliza kama anajuta. Alisema hajui bado, akaendelea kula.

Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa Amaan, na Kiponda Rovers walikuwa wakifungwa wanashuka daraja. Mkadam alisema anataka kwenda kutazama. Mwanakheir hakupenda, lakini alivaa akaenda naye. Walikata tiketi kama watu wengine, wakakaa jukwaa la upande wa jua, na habari ikazunguka uwanja mzima kabla hawajatulia, kwamba yule pale, kaja.

Golini alikuwepo Shamsi, kijana hodari lakini mwepesi upande mmoja tu, mashuti ya kushoto kwake yalikuwa yanampita. Walikwenda mapumziko bila ya goli, kwa bahati tu. Kisha, kipindi cha pili kimeanza kuiva, Shamsi aligongana na mshambuliaji akainuka anachechemea, na kipa wa akiba hakuwepo, alikuwa na homa. Uwanja ukaanza kuita. Walianza wachache, kisha jukwaa zima, "Mkadam, Mkadam," wanapiga makofi kwa mpigo. Jina lake lilikuwemo kwenye usajili, na hata kwenye orodha ya akiba ya siku ile. Kilichokosekana ni yeye kuteremka.

Mwanakheir aliona mikono ya mumewe. Alikuwa ameikalia. Amekaa juu ya mikono yake mwenyewe kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula. Naye, aliyekataa kitambaa, aliyesimama kwenye ngazi ile mbele ya wanaume wote, neno "nenda" lilimfika mdomoni, akalimeza kwa nguvu.

Mzee Suud alikuja mwenyewe. Alitoka benchi akapanda jukwaa ngazi moja moja, kanzu ameishika, na watu wakampisha na kunyamaza kidogo kidogo mpaka alipofika. Alikuwa amezeeka mwaka ule. Mkononi alikuwa na jezi ya golikipa. Mkadam alisimama, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba.

"Cheza leo," mzee alisema. "Barua yako ntaitia saini kesho."

"Itie leo, Mzee, ntacheza kesho."

Watu waliokuwa karibu wakaguna. Mzee Suud alimkazia macho. Alisema hilo halina maana, msimu unakwisha leo, na mtu akishaachiwa yuko huru, mwakani arudi kuwachezea kwa sababu gani.

"Kwa sababu mngeniomba ningekaa," alisema Mkadam. "Miaka yote ile. Mwaka wa Dar ningekaa, na mwaka wa Tanga ningekaa, na hata huu, pengine. Hujawahi kuniomba, Mzee. Hata siku moja."

Sauti yake haikupanda. Alisimama anangoja, na Mwanakheir alifahamu kwamba anangoja kweli, kwamba neno moja tu la mzee yule lingemteremsha uwanjani saa ile ile, barua au hakuna barua. Alimtazama Mzee Suud, akamwona mdomo umefunguka. Alikuwa nalo neno pale. Maisha yake yote alikuwa akipokea shikamoo, akitoa, akiamrisha kwa upole, akisamehe. Kuomba hakuwahi.

Akaunyoosha mkono wenye jezi. "Vaa, mwanangu," akasema.

Mkadam akatikisa kichwa. Mzee alingoja kidogo, kisha akageuka akashuka, ngazi moja moja, na jezi yake.

Shuti lilipigwa dakika za mwisho, la chini, upande wa kushoto wa Shamsi. Mkadam alikwisha kuinamia upande ule kabla mguu haujagusa mpira, mwili mzima, bega likampiga Mwanakheir ubavuni. Mpira ukaingia. Uwanja ukafa. Yeye akajiweka sawa polepole, akafuta mikono yake magotini.

Baadhi ya watu wakageuka wakaanza kuwatukana, mmoja akarusha ganda la chungwa. Mwanakheir akamwuliza kama waondoke kabla watu hawajatoka, wapitie mlango wa nyuma.

"Mpira haujesha," alisema Mkadam.

Wakakaa mpaka filimbi ya mwisho, wakatoka kwa mlango mkubwa pamoja na watu wote.